Kutoka daftari la zahanati hadi meza ya maamuzi: Namna takwimu za afya zinavyounganishwa na kuchambuliwa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwezi zahanati, vituo vya afya na hospitali nchini huwasilisha taarifa za huduma zilizotolewa kwa wananchi: wagonjwa waliopimwa malaria, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliopata chanjo na akina mama waliojifungua. Taarifa hizo hutumika kuamua dawa zipelekwe wapi, chanjo ziongezwe wapi na watumishi wapangwe wapi. Kati ya daftari la zahanati na uamuzi huo ipo kazi ambayo mwananchi haioni, nayo ni kuunganisha kanzidata na programu ya uchambuzi, kisha kusimika programu hiyo ili ifanye kazi kila siku bila kuyumba.

Kazi hiyo hufanywa na maafisa TEHAMA kwa kushirikiana na watakwimu na wataalamu wa afya. Ikifanyika vizuri, hakuna anayeizungumzia. Ikifanyika vibaya, dawa zinaweza kuelekezwa mahali ambapo uhitaji ni mdogo, na taarifa za mgonjwa zinaweza kufika mikononi mwa mtu asiyestahili kuziona. Makala hii inaeleza hatua za kazi hiyo, makosa yanayojitokeza mara kwa mara na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyaangalia kabla ya kuitegemea takwimu iliyotangazwa.

Safari ya taarifa moja

Katika Tanzania Bara, taarifa za huduma huanzia kwenye vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana kwa kifupi kama MTUHA. Mgonjwa wa nje anapohudumiwa, maelezo yake huandikwa kwenye rejesta. Mwisho wa mwezi mtoa huduma hujumlisha idadi ya waliohudumiwa kwa ugonjwa, umri na jinsia, na jumla hiyo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2.

DHIS2 ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Hivi sasa hutumiwa na nchi zaidi ya 70. Taarifa zinazoingizwa huhifadhiwa katika kanzidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa katika majedwali yanayohusiana. Jedwali moja huweza kubeba orodha ya vituo, jingine aina za huduma, na jingine idadi zilizoripotiwa kwa kila kituo na kila mwezi. Programu inayosimamia ghala hilo katika DHIS2 huitwa PostgreSQL, nayo pia ni programu huria.

Ghala pekee halijibu maswali. Chukua mfano wa halmashauri inayotaka kujua ni kata zipi ambazo wagonjwa wa malaria walio chini ya miaka mitano wameongezeka katika miezi mitatu iliyopita. Jibu limo ndani ya kanzidata, lakini limetawanyika katika maelfu ya mistari. Inahitajika programu ya uchambuzi itakayoingia, isome kinachohitajika, ilinganishe na idadi ya watu, kisha itoe jedwali au ramani ambayo Mganga Mkuu wa Wilaya ataielewa na kuifanyia kazi.

Mambo matano ya kuunganisha

Ili programu ya uchambuzi iweze kusoma kanzidata, inahitaji kufahamu mambo matano. La kwanza ni anwani ya seva, ambayo ni kompyuta inayohifadhi taarifa. La pili ni namba ya lango ambalo seva hiyo hupokelea maombi. Kwa PostgreSQL, lango la kawaida ni 5432. La tatu ni jina la kanzidata yenyewe, kwa kuwa seva moja huweza kubeba kanzidata nyingi. La nne ni jina la mtumiaji, na la tano ni nywila yake.

Kuandika mambo hayo matano huchukua dakika chache. Yanayohitaji umakini ni maamuzi yanayoambatana nayo, na uamuzi wa kwanza ni wa haki za mtumiaji. Programu ya uchambuzi haina sababu ya kuandika, kubadili wala kufuta chochote katika kanzidata. Kwa hiyo hufunguliwa akaunti maalumu yenye haki ya kusoma tu, tena kusoma majedwali yanayohusika na mradi pekee. Akaunti ya namna hiyo ikitumika vibaya, au amri yenye kosa ikitolewa kwa bahati mbaya, taarifa za asili hubaki salama. Mradi unaotumia akaunti ya msimamizi mkuu wa kanzidata kwa sababu tu “ndiyo iliyokuwepo” huweka kazi ya miaka mingi katika hatari ya kufutwa kwa amri ya mstari mmoja.

Uamuzi wa pili ni mahali pa kutunza nywila. Kosa linalojirudia ni kuiandika nywila ndani ya msimbo wa programu. Msimbo hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe, huhifadhiwa kwenye flashi na wakati mwingine huwekwa katika hazina za mtandaoni zinazosomwa na mtu yeyote. Nywila iliyomo husafiri nayo. Utaratibu sahihi ni kuitunza nywila nje ya msimbo, katika mipangilio ya seva inayosomwa na programu pale inapoanza kufanya kazi. Iwapo nywila imewahi kuwekwa kwenye hazina ya msimbo, kuufuta mstari huo hakutoshi, kwa kuwa matoleo ya nyuma hubaki katika historia ya hazina. Nywila hiyo hulazimika kubadilishwa.

Uamuzi wa tatu unahusu njia yenyewe. Taarifa zinazopita kati ya seva mbili zinapaswa kusimbwa, ili anayezidaka njiani asiweze kuzisoma. Vilevile, lango la kanzidata halifunguliwi kwa intaneti nzima. Huruhusiwa anwani za seva zinazojulikana pekee.

Miunganisho nayo ina ukomo

Kipo kipengele kingine ambacho husahaulika hadi siku mfumo unapokwama. Kanzidata haipokei miunganisho isiyo na idadi. PostgreSQL, isipobadilishiwa mipangilio, hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na kila muunganisho hutumia sehemu ya kumbukumbu ya seva. Programu ya uchambuzi inayofungua muunganisho mpya kwa kila swali bila kuufunga huweza kuzijaza nafasi hizo zote. Matokeo yake, mtumishi wa afya anayejaribu kuingiza ripoti ya mwezi hukataliwa, na wengi hudhani tatizo ni mtandao wa simu.

Suluhisho ni kufungua miunganisho michache inayobaki wazi na kutumiwa kwa zamu. Swali likimalizika, muunganisho hurudishwa ili swali jingine liutumie. Kwa uchambuzi mzito, wataalamu hutengeneza pia nakala ya kanzidata inayojisasisha yenyewe, na maswali yote ya uchambuzi huelekezwa kwenye nakala hiyo. Seva kuu hubaki na kazi yake ya kupokea ripoti kutoka vituoni.

Mara nyingi si lazima programu ya uchambuzi iguse kanzidata moja kwa moja. DHIS2, kama ilivyo mifumo mingi ya kisasa, ina njia rasmi ambayo programu nyingine huitumia kuomba taarifa na kupewa kile tu kilichoidhinishwa. Njia hiyo ina manufaa mawili. Kwanza, mfumo wenyewe hukagua kama mwombaji ana haki ya kuona anachoomba. Pili, toleo jipya la mfumo linapobadili mpangilio wa majedwali ya ndani, programu ya uchambuzi inayotumia njia hiyo haivunjiki ghafla.

Mifumo ya Serikali kuzungumza

Sekta ya afya haifanyi kazi peke yake. Takwimu za afya hukamilika zinapolinganishwa na za idadi ya watu, maji, elimu na makazi, na kila eneo lina taasisi na mfumo wake. Mifumo 10 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake, inahitajika miunganisho 45, na kila muunganisho una nywila, makubaliano na matengenezo yake. Mifumo hiyo hiyo ikiunganishwa kupitia kituo kimoja cha kupokezana, miunganisho 10 inatosha.

Hilo ndilo lengo la mfumo wa GovESB, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), ambao huwezesha mifumo ya taasisi za umma kubadilishana taarifa. Mamlaka hiyo ilianzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikichukua nafasi ya uliokuwa Wakala wa Serikali Mtandao. Kwa mradi wa uchambuzi, utaratibu wa kupitia kituo kimoja hurahisisha kujua nani aliomba taarifa gani na lini.

Kosa lililogharimu siku za ufuatiliaji

Umuhimu wa kiungo kati ya mahali taarifa zinapotoka na mahali zinapochambuliwa ulidhihirika nchini Uingereza mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 waliothibitishwa katika eneo la England hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku. Maabara zilikuwa zimepima na kutuma majibu, na waliopimwa walikuwa wamearifiwa. Tatizo lilikuwa katikati: majibu yalipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ukomo huo iliachwa nje.

Madhara hayakuishia kwenye grafu. Watu waliokutana na wagonjwa hao hawakufuatiliwa kwa wakati, katika kipindi ambacho maambukizi yalikuwa yakipanda. Faili hizo hazikutoa tahadhari yoyote iliyozuia kazi kuendelea, na takwimu zilizotangazwa katika siku hizo zilionekana za kawaida.

Funzo la tukio hilo kwa mradi wowote wa uchambuzi ni kuhesabu pande zote mbili. Ikiwa kanzidata imetoa mistari 80,000, programu ya uchambuzi inapaswa kuthibitisha kwamba imepokea 80,000. Zikitofautiana, kazi isimame na mhusika ajulishwe, kuliko kutangaza takwimu pungufu.

Mitego ndani ya takwimu zenyewe

Muunganisho ukiwa salama na kamili, bado ipo mitego minne ambayo mchambuzi hana budi kuikwepa.

Mtego wa kwanza ni kuchanganya sifuri na ukimya. Zahanati iliyoripoti kwamba haikupata mgonjwa yeyote wa malaria na zahanati ambayo haijaripoti kabisa huweza kuonekana sawa kwenye jedwali. DHIS2, isipoelekezwa vinginevyo kwa kipengele husika, haihifadhi thamani ya sifuri. Kwa hiyo ni lazima idadi ya wagonjwa isomwe sambamba na asilimia ya vituo vilivyowasilisha ripoti. Kata inayoonekana kupunguza malaria kwa nusu inaweza kuwa kata ambayo nusu ya vituo vyake havijaripoti, na kupunguza mgao wa dawa kwa msingi huo ni kuwaadhibu wagonjwa kwa kuchelewa kwa karatasi.

Mtego wa pili ni majina. Ipo Halmashauri ya Jiji la Mbeya na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Ipo Manispaa ya Iringa na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Programu inayounganisha majedwali kwa kutumia neno “Mbeya” au “Iringa” pekee itachanganya wakazi wa mjini na wa vijijini. Majedwali huunganishwa kwa namba maalumu ya utambulisho ya kila halmashauri na kila kituo.

Mtego wa tatu ni saa. Seva nyingi hutunza muda kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku wa Januari 1 huhesabiwa na seva hiyo kuwa amezaliwa saa tano usiku wa Desemba 31. Programu isiporekebisha tofauti hiyo, mtoto huyo huhamia mwaka mwingine wa takwimu, na hesabu za siku kwa wodi zinazofanya kazi usiku hupotoka.

Mtego wa nne ni idadi ya watu inayotumika kama kigawanyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Halmashauri inayoendelea kutumia makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya zamani inaweza kupata kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100, na kujipongeza huku wapo watoto ambao hawajafikiwa. Programu inapaswa kuonesha wazi kigawanyo kimetoka katika chanzo gani na cha mwaka upi.

Kutoka kompyuta mpakato hadi seva

Uchambuzi uliofanikiwa kwenye kompyuta mpakato ya mtaalamu mmoja bado haujawa huduma kwa umma. Mtaalamu huyo akisafiri, akiugua au akihamishwa kituo cha kazi, takwimu husimama. Kusimika mradi ni kuuhamisha kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye seva ya taasisi, na kuuwekea taratibu zitakazouendesha bila kumtegemea yeye.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha programu zote zinazotumika pamoja na matoleo yake. Programu ile ile ya uchambuzi huweza kutoa majibu tofauti au kukataa kabisa kufanya kazi ikikutana na toleo jingine la programu saidizi.

Hatua ya pili ni kuandaa mazingira ya majaribio yaliyotenganishwa na mazingira ya kazi. Humo hutumika taarifa za kubuni au zilizoondolewa utambulisho wa watu. Kabla ya kuruhusiwa, matokeo hulinganishwa na hesabu inayojulikana. Njia rahisi na yenye uhakika ni kuchukua zahanati moja, kuhesabu kwa mkono wagonjwa wa mwezi mmoja kwenye rejesta yake, kisha kuangalia kama mfumo unatoa idadi hiyo hiyo.

Hatua ya tatu ni ratiba. DHIS2 huandaa majedwali maalumu ya uchambuzi, kwa kawaida usiku, kutokana na taarifa zilizoingizwa. Ripoti iliyoingizwa asubuhi huenda isionekane kwenye majedwali hayo hadi kesho yake. Programu ikipangwa kusoma kabla ya maandalizi hayo kukamilika, kila siku itatoa takwimu za jana ikiziita za leo. Ndiyo maana kila ukurasa wa matokeo unapaswa kuonesha tarehe na saa ambayo taarifa zilisasishwa mara ya mwisho.

Hatua ya nne ni kupanga namna mfumo utakavyoshindwa. Umeme hukatika, mtandao hukatika na nywila huisha muda. Mfumo uliosimikwa vizuri humjulisha mhusika pale unaposhindwa na kuweka ilani kwenye dashibodi, badala ya kuendelea kuonesha takwimu za wiki iliyopita kana kwamba hakuna kilichotokea. Aidha, chelezo hutengenezwa kwa ratiba na hujaribiwa kwa kurejeshwa, kwa kuwa chelezo ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama inafaa.

Hatua ya tano ni makabidhiano. Maelezo ya mfumo huandikwa kwa lugha ambayo afisa mpya ataielewa, na afisa anayehama hufungiwa akaunti yake siku anayoondoka. Akaunti zinazobaki wazi baada ya watumishi kuondoka ni milango isiyo na mlinzi.

Taarifa binafsi na mipaka ya kisheria

Taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wasajiliwe. Misingi yake inagusa moja kwa moja kazi ya kuunganisha kanzidata: taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo na zilindwe dhidi ya matumizi yasiyoruhusiwa.

Kwa mradi wa kufuatilia malaria kwa kata, jina la mgonjwa, namba yake ya simu na namba ya kitambulisho hazihitajiki. Zisipovutwa kutoka kwenye kanzidata, haziwezi kuvuja. Hata jumla nazo zina hatari yake. Jedwali linaloonesha kwamba katika kijiji fulani yupo mgonjwa mmoja wa ugonjwa wenye unyanyapaa, mwanamke wa umri kati ya miaka 20 na 24, limemtaja mtu huyo bila kuandika jina lake, majirani watamtambua. Kwa sababu hiyo, idadi ndogo huunganishwa na za maeneo ya jirani au hufichwa kabla ya kutolewa kwa umma.

Mambo ya kuangalia kwenye takwimu iliyotangazwa

Mwananchi, mwandishi wa habari au diwani anaposoma takwimu ya huduma za afya, yapo maswali machache yanayomsaidia kuipima. Taarifa zilisasishwa lini? Ni asilimia ngapi ya vituo vilivyoripoti katika kipindi hicho? Idadi ya watu iliyotumika kukokotoa kiwango ni ya sensa au makadirio ya mwaka gani? Je, eneo linalotajwa ni jiji, manispaa au halmashauri ya wilaya? Kama majibu hayamo kwenye taarifa, ni halali kuyauliza kwa ofisi iliyoitoa.

Vilevile, mwananchi anayo haki ya kujua taarifa zake binafsi zinakusanywa kwa madhumuni gani, na anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi endapo anaamini zimetumika kinyume cha sheria. Kwa upande wa vituo, kuwasilisha ripoti ya mwezi kwa wakati, hata pale idadi inapokuwa sifuri, ndiko kunakoiwezesha halmashauri kutofautisha kata isiyo na wagonjwa na kata ambayo wagonjwa wake bado hawajahesabiwa.